Komfri Ilitufikia Bila Mwiko Wake

Mwaka jana niliposti video ya sekunde hamsini ambayo leo naionea aibu. Nimesimama nyuma ya nyumba yetu hapa Ukunda, jani la komfri mkononi, kubwa kama sikio la punda, nasema kwa kujiamini kabisa: hili jani linaunga mifupa, linatuliza viungo, linalisha kuku na linarutubisha shamba, lipande leo. Nikatia muziki, nikaenda zangu pwani. Jioni narudi nakuta video imetembea kuliko kitu chochote nilichowahi kuposti. Mazee, nilijiona daktari.

Wiki tatu baadaye naingia jikoni namkuta bibi yangu anakoroga sukari kwenye kikombe. Nikadhani ni strungi. Kumbe rangi ni kijani.

"Bibi, nini hiyo?"

"Si lile jani lako? Wewe si ndio ulosema latibu viungo? Binamu yako kanionyesha kwenye simu. Goti langu hili lanisumbua tangu masika."

"Umeanza lini kunywa?"

"Leo siku ya tisa. Asubuhi na jioni."

Sasa, mimi nilikuwa nimesoma kurasa mbili tatu tu kabla ya kurekodi ile video, zote za kusifia. Usiku ule ndio nikakaa kusoma sawasawa, na nilichokisoma kilinitoa jasho. Asubuhi tukaenda na bibi kupima ini. Nashukuru Mungu vipimo vilitoka salama. Lakini njia nzima ndani ya tuktuk bibi alikuwa ananiuliza swali moja: "Kama lina madhara, mbona hukusema?"

Hii posti ndiyo jibu langu kwake. Ni ndefu, kwa hivyo kama uko kwenye matatu ya Likoni na foleni ya feri haisogei, una bahati.

Dawa, gundi, chakula, mbolea

Komfri ni mmea wa Ulaya na sehemu za Asia iliyo jirani nayo. Unapenda kingo za mito na ardhi yenye unyevu. Wagiriki wa kale waliujua. Dioscorides, tabibu wa karne ya 1 aliyeandika kitabu kikubwa cha mitishamba, aliutaja. Jina lake la kisayansi, Symphytum, linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kukua pamoja, kuungana. Waingereza wa mashambani nao wakauita knitbone, yaani kiunga mfupa.

Sifa hiyo haikutoka hewani. Mizizi ya komfri ina utelezi mwingi kama wa bamia. Watu walikuwa wanaikuna, wanaipaka juu ya mguu uliovunjika, na ule uji ukikauka unakuwa mgumu, unashika kiungo kisicheze. Yaani ilikuwa plasta kabla ya plasta. Tena ndani yake kuna alantoini, kitu kinachosaidia ngozi kujijenga upya, ambacho hata leo hutiwa kwenye mafuta ya ngozi unayoyaona madukani. Kwa hivyo wazee wale hawakuwa wajinga. Walikuwa na sababu.

Lakini sifa ikishatoka mdomoni hairudi, na huko njiani huongezewa chumvi. Katikati ya karne ya 17 London kulikuwa na jamaa mmoja, Nicholas Culpeper. Wakati ule vitabu vingi vya madaktari viliandikwa Kilatini, lugha ambayo maskini hawakuisoma, na madaktari walilinda biashara yao. Culpeper akaamua kuandika kwa Kiingereza cha kawaida, na kitabu chake cha mitishamba cha mwaka 1652 kikasomwa kote. Nampenda huyu jamaa, sio siri. Angekuwa hai leo angekuwa na chaneli. Ila humo ndani aliandika kwamba ukichemsha mzizi wa komfri sufuriani pamoja na vipande vya nyama, vile vipande vitashikana tena viwe kitu kimoja. Hebu jaribu Jumapili uone. Kumbe mambo ya kutia chumvi ili watu washangae hayakuanza na sisi.

Karne ya 19 komfri ikapewa kazi mpya kabisa. Kulikuwa na aina nyingine ya mmea huu kutoka milima ya Kaukazi, iliyopelekwa Uingereza kupitia bustani za wafalme wa Urusi kule St. Petersburg. Katika miaka ya 1870, mkulima mmoja wa Essex, Henry Doubleday, alikuwa anatafuta gundi ya kupaka nyuma ya stempu za barua. Gundi ya kawaida ilikuwa adimu. Akasikia komfri ina utelezi, akaagiza mimea kutoka St. Petersburg. Gundi haikufaulu. Lakini mimea aliyoletewa ilikuwa chotara, na ilikuwa inamea kwa fujo: unakata majani leo, baada ya wiki chache yamerudi.

Doubleday alikuwa mtu wa imani ya Quaker, na alikuwa mtu mzima wakati njaa ya viazi ilipoua takriban watu milioni 1 Ireland kati ya 1845 na 1849. Akaangalia mmea huu usiochoka akaona jibu: huu utalisha mifugo, na pengine utalisha watu wasife njaa tena. Akaishi nao mpaka kufa kwake mwaka 1902.

Miaka hamsini baadaye mwandishi na mkulima mwingine wa Uingereza, Lawrence Hills, akachimbua habari za Doubleday. Mwaka 1953 akatoa kitabu kuhusu komfri ya Kirusi. Mwaka uliofuata akakodi kipande cha shamba mahali panapoitwa Bocking, akapanda aina mbalimbali na kuzipa namba. Namba 14 ikashinda. Ndiyo hiyo Bocking 14 ambayo wauzaji wa mtandaoni wanaitaja kama jina la gari. Haizai mbegu za kuota, kwa hivyo haitawanyiki ovyo. Unaipanda kwa kipande cha mzizi. Hills akaanzisha shirika la utafiti wa kilimo bila kemikali, akalipa jina la Henry Doubleday. Hilo shirika ndilo lililoieneza komfri kwa wakulima wadogo wa nchi nyingi.

Sasa angalia vizuri. Dawa ya mifupa, gundi ya stempu, chakula cha njaa, mbolea ya bustani. Mmea mmoja, ahadi nne. Na kila ahadi mpya ilipokuja, zile za zamani hazikuondoka. Zilibaki zimerundikana, mpaka siku kijana wa Ukunda anazikusanya zote kwenye video ya sekunde hamsini.

Habari mbaya iliyochelewa

Habari mbaya yenyewe ni hii. Komfri ina kemikali zinazoitwa alkaloidi za pirolizidini. Mmea unazitengeneza kujilinda na wanyama na wadudu. Ukizila, ini lako linajaribu kuzivunja, na katika kuzivunja linatengeneza sumu. Mishipa midogo ya damu ndani ya ini inaanza kuziba, tumbo linajaa maji, na ini linaharibika polepole. Mara nyingi mtu hasikii chochote siku za mwanzo. Hapo ndipo hatari ilipo. Kitu kikikuumiza leo utakiacha kesho, lakini kinachojikusanya kimyakimya unakitia sukari na kukinywa asubuhi na jioni.

Dunia ilijifunza hili kwa machozi, na si kwa komfri kwanza. Jamaica, mwaka 1954, madaktari walieleza ugonjwa wa ini uliokuwa unaua watoto waliokuwa wananyweshwa chai za majani ya porini yenye alkaloidi za aina hiyohiyo. Afghanistan, katikati ya miaka ya 1970, wakati wa ukame, magugu yenye sumu hiyo yaliingia kwenye ngano na vijiji vizima vikaumwa. Kisha mwaka 1978 watafiti wa Japani wakachapisha matokeo ya panya waliolishwa majani na mizizi ya komfri yenyewe: walipata uvimbe kwenye ini. Mwezi wa saba mwaka 2001, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikawataka watengenezaji waondoe sokoni bidhaa zote za komfri za kumeza.

Kuanzia Dioscorides mpaka hapo ni miaka kama 1,900. Usifikirie kwamba wazungu walikuwa na siri wakatuficha. Wao wenyewe walikunywa kwa karne nyingi bila kujua, kwa sababu anayekufa kwa ini miaka kadhaa baadaye hakuna anayemhusisha na kikombe cha chai.

Nisiwe muongo upande wa pili pia. Mafuta ya kupaka ya komfri yamefanyiwa majaribio Ujerumani kwa watu walioteguka kifundo cha mguu, na yalipunguza maumivu. Lakini hayo ni mafuta ya dukani, yanapakwa kwa muda mfupi, kwenye ngozi isiyo na kidonda. Huwezi kuyafananisha na majani yangu ya nyuma ya bafu.

Ilivyofika kwetu

Hapa Kenya komfri ni mmea wa bara. Inapenda ubaridi na udongo mzito. Ukienda Kiambu au Nyeri utaikuta pembeni ya mashamba, na wenyewe wanaiita mabaki. Mimi mara ya kwanza kulisikia jina hilo nilicheka. Mabaki ya nini? Kwa Kiswahili mabaki ni kilichobakia baada ya watu kula. Kumbe ni neno la Kikuyu linalokaribiana na lile la tumbaku, na ukiangalia jani lake pana lenye manyoya utaona kwa nini.

Miaka ya 1980 ndiyo iliyoipa komfri jina kwa wakulima wadogo. Mbolea ya dukani ilikuwa inapanda bei, na watu wakaanza kutafuta njia nyingine. Mwaka 1984 kikaanzishwa kituo cha Manor House kule Kitale, na mwaka 1986 taasisi ya kilimo hai ya KIOF, ili kuwafunza wakulima kutengeneza mboji na kutumia kilichopo shambani badala ya gunia. Katika kilimo cha aina hiyo, mmea unaotoa majani mengi yanayooza haraka ni dhahabu. Komfri ina mizizi mirefu inayochota madini chini, hasa potasiamu, na kuyaleta juu kwenye majani. Ukiyakata na kuyavundika unapata mbolea ya maji bila kutoa shilingi.

Halafu ikaja 2022. Vita vya Ukraine, mbolea ikapaa, gunia la kilo 50 likapita shilingi 6,000 mpaka serikali ikaingilia na kulishusha mpaka 3,500, kisha 2,500 mwaka uliofuata. Huo ndio wakati video za komfri zilijaa kwenye simu zetu, na ndio wakati mimi niliagiza vipande kumi vya mizizi kutoka bara, vikaja na basi vimefungwa kwenye gazeti lenye maji.

Sikulaumu wewe uliyeagiza pia. Nilikuwa na sababu nzuri. Udongo wetu wa Diani ni mchanga na matumbawe, ukimwagia mbolea leo mvua ya masika inaipeleka baharini. Shida yangu ni kwamba mizizi ilipokuja, ilikuja na orodha ya faida peke yake. Hakuna aliyeandika kwenye lile gazeti: msinywe.

Bibi na kisamvu

Nilipomweleza bibi haya yote alinyamaza kidogo, akaniuliza: "Kisamvu unakula?"

Nakula. Nakipenda.

"Kibichi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakimo kwenye ukurasa wowote niliousoma.

Muhogo si wetu. Ulitoka Brazili, Wareno wakauleta Afrika. Nao una sumu. Mizizi na majani yake yana kitu kinachogeuka kuwa sayanidi, hasa ile aina chungu. Wenyeji wa Amerika ya Kusini walishajua karne nyingi namna ya kuukuna, kuukamua na kuukausha. Huku Afrika watu ilibidi wajifunze: kuuloweka, kuuvundika, kuuanika juani ukawa makopa. Na majani yake, yaani kisamvu, unayatwanga kwanza kwenye kinu, unayachemsha sana, ndipo unatia tui la nazi. Ukimwuliza mama yeyote hapa Kwale kwa nini hatwangi kidogo tu kisha apike haraka, atakwambia hivyo sivyo kinavyopikwa. Wengi hawatataja sayanidi. Hawana haja. Mwiko umeshakuwa sehemu ya mapishi.

Na mwiko ukivunjika, gharama yake ni kubwa. Mwaka 1981, mkoa wa Nampula huko Msumbiji, ukame uliua mazao mengine yote ukabaki muhogo mchungu. Watu walikuwa na njaa, hawakuweza kusubiri siku zote za kuuandaa. Zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu. Muhogo ulikuwa uleule waliouzoea. Kilichokosekana ni muda wa kuufuata mwiko.

Kwa hivyo naomba tusije tukaanza ile hadithi ya "mimea yetu mizuri, mimea ya wageni mibaya." Nusu ya sahani ya Mdigo imetoka safarini. Muhogo na mahindi vimetoka Amerika, mkorosho vilevile, na hata mbegu nyekundu za bixa zinazolimwa Kwale. Mwarobaini tunaouita dawa ya magonjwa arubaini ulitoka Asia. Mmea kuwa mgeni si kosa. Swali ni kama tumekaa nao muda wa kutosha kujua ubaya wake, au tumepokea uzuri wake tu.

Nenda Kaya Kinondo pale, si mbali na hoteli. Msitu mdogo tu, lakini uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Kabla ya kuingia unafungwa kitambaa cheusi kiunoni na unaambiwa usichukue chochote, hata jani. Nilipokwenda mara ya kwanza na shule nilifikiri ni mambo ya kuwatisha watalii. Sasa naona tofauti. Mle ndani unaanza na miiko, ndipo unaambiwa mti huu unatibu nini. Simu yangu inafanya kinyume: inaanza na faida kumi, na miiko huwa haifiki kabisa kwa sababu video imeisha.

Kiswahili kina miiko miwili, wa kusongea na wa kukataza. Mimi nilikuja jikoni kwa bibi na wa kusongea peke yake.

Basi tuing'oe?

Hapana. Yangu bado ipo, na ndiyo bora niliyowahi kuwa nayo. Lakini sasa naiweka mahali pake, na hivi ndivyo ninavyoitumia.

Vipande kumi nilivyopanda, sita vilikufa. Nilivipanda peupe, jua la kaskazi likavichoma mpaka vikawa kama karatasi. Vinne nilivyovipanda chini ya migomba, karibu na maji ya kuogea yanapotokea, ndivyo vilivyoshika. Kwa hivyo kama uko pwani, kivuli cha nusu siku na maji, la sivyo usijisumbue. Chimba shimo, tia samadi ya mbuzi iliyooza, laza kipande cha mzizi, fukia kidogo. Acha nafasi ya hatua moja kati ya mche na mche, maana kinatanuka. Na chagua mahali mara moja tu, kwa sababu ukija kulima hapo baadaye kila kipande cha mzizi utakachokikata kitakuwa mche mpya. Kuing'oa kabisa ni kazi.

Majani nayakata yakishakuwa makubwa, navaa glavu kwa sababu yale manyoya yanawasha. Mengine nayatandaza moja kwa moja chini ya migomba na nyanya. Mengine naingiza kwenye ndoo yenye kifuniko, nagandamiza kwa jiwe, najaza maji, naacha kama wiki tatu. Harufu yake, mazee, ni noma. Majirani watadhani umeficha maiti. Nikishachuja naongeza maji mpaka rangi ifanane na strungi nyepesi, ndipo namwagia kwenye shina. Kwa mimea inayozaa matunda, kama nyanya, pilipili, biringani na migomba, utaona tofauti.

Na ndoo yenyewe ina mwiko wake. Nimeandika kwa rangi nyekundu: SI YA KUNYWA. Iko mbali na jikoni na mbali na watoto. Majani hayaingii kwenye sufuria ya mboga, hata kama yanafanana na mboga. Mjamzito au anayenyonyesha asijaribu hata kuyatumia kama dawa ya kupaka.

Na kama huna komfri, usihisi umepitwa. Bibi miaka yote amekuwa anachoma makumbi ya nazi na kumwaga majivu kwenye migomba yake. Makumbi yana potasiamu nyingi, kilekile ninachokitafuta kwa ndoo inayonuka. Hakuna aliyemrekodi akifanya hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa napita pembeni yake nikienda kumwagilia komfri yangu ya mtandaoni.

Kwa wenzangu wenye simu

Ile video niliifuta. Kuna rafiki aliniambia ningeiacha tu niandike onyo kwenye komenti, kwa sababu ilikuwa inaleta watu. Lakini bibi hasomi komenti. Bibi alionyeshwa picha na sauti yangu, na sauti yangu ilisema inatibu viungo. Yeye hakuamini intaneti, aliamini mjukuu wake. Sisi tunaoposti tunasahau jambo hilo: namba tunazozihesabu ni watu, na baadhi yao wana magoti yanayouma na hawana pesa ya kwenda hospitali, kwa hivyo watajaribu chochote utakachowaambia.

Doubleday alitaka watu wasife njaa. Culpeper alitaka maskini wapate dawa. Mimi nilitaka, sijui, labda watu wanione najua. Nia zao zilikuwa bora kuliko yangu, na bado sehemu ya waliyoyasema haikuwa kweli. Kwa hivyo nia njema haitoshi. Inabidi uulize lile swali la bibi kabla hujabonyeza kitufe: lina madhara gani, na mbona husemi?

Goti la bibi tulilipeleka kwa daktari. Ni uzee na kuchuchumaa miaka mingi akikuna nazi kwenye mbuzi. Amepewa mazoezi na mafuta ya kuchulia, na mimi nimepewa kazi ya kukuna nazi. Ndiyo adhabu yangu, na bado naitumikia.

Nikimaliza kuandika hii nitampelekea aisikilize kabla sijaposti. Nataka anihakikishie habari ya kisamvu.

Sasa nyinyi: nyumbani kwenu kuna mmea gani ambao kila mtu anasema ni dawa? Muulize bibi au babu yako mwiko wake ni upi, kisha uje uniandikie hapo chini. Faida tunazo za kutosha. Leo nataka miiko tu.